Umbali wa Kwenda na Kurudi

Shamba la mjomba wangu liko kijijini, nje kidogo ya mji wa Masasi, kule ambako milima ya mawe inasimama mmoja mmoja katikati ya tambarare. Mikorosho yake haina umri mmoja. Ile mikubwa aliirithi, midogo aliipanda mwenyewe, na kati yake na jirani kuna mstari wa mikonge ambao hakuna aliyewahi kuubishia. Tatizo ni korongo. Mikonge inashuka hadi ukingoni, inakatika, na ng'ambo ya pili mpaka unaendelea kwa maneno tu: "unakwenda mpaka ule mwembe." Mwembe upo. Wazee waliouona ukipandwa ndio wanaopungua kila mwaka.

Kwa ajili ya korongo hilo alikuja mpima. Ni dada wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kofia ya ukindu na viatu vilivyokwisha kuona udongo wa kila rangi. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Akamwamkia mjomba, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha akakaa chini ya mkorosho, akafungua begi, akatoa kipima umbali cha leza, kitu cha kutosha kiganjani chenye lenzi mbili mbele na tundu la kuchungulia nyuma. Nilidhani ataanza kazi palepale. Alifuta lenzi kwa kitambaa laini, akakishika kifaa bila kukiwasha, akautazama mpaka mzima kwa macho yake, polepole, toka mkonge wa kwanza hadi korongoni na ng'ambo yake.

"Nausoma kwanza," alisema.

Nimewaona watu wengi wakishika vifaa vya namna hii. Siku hizi mafundi ujenzi wanavyo, watu wa misitu wanavyo, hata vijana wa maduka ya mbao. Wengi hubonyeza kitufe, husoma namba, huondoka. Sikuwahi kumwona mtu anayemaliza dakika kumi nzima kabla ya kubonyeza, na tangu siku ile nimekuwa nikimfuata kila nipatapo nafasi, Masasi na Newala, kutazama tu anavyofanya kazi.

Kifaa chenyewe kina jambo moja la kustaajabisha ambalo wengi wanaokitumia hawalijui: hakipimi urefu. Kinapima muda. Ukibonyeza, kinatuma mwanga. Mwanga unagonga kitu, sehemu ndogo inarudi, na kifaa kinahesabu umechukua muda gani njiani. Mwanga hukata mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Kuifikia mita ya 100 na kurudi huuchukua nanosekunde 667 hivi, na nanosekunde moja ni sehemu moja katika bilioni ya sekunde. Saa iliyo ndani ya kile kidude ikiteleza nanosekunde moja tu, jibu limeteleza sentimita 15. Vile vya mafundi, vyenye nukta nyekundu, hutumia njia nyingine: hutuma mwanga ambao nguvu yake inapanda na kushuka kama mawimbi, kisha hulinganisha wimbi lililotoka na lililorejea kuona limechelewa kiasi gani. Ndiyo maana vinaweza kukaa ndani ya milimita 2 kwenye chumba, ilhali vile vya masafa marefu, vya kuchungulia, vinaridhika na sentimita 20 au 30, vingine hadi mita nzima.

Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, mikononi mwa Theodore Maiman huko Marekani. Miaka tisa baadaye wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini kioo maalumu cha kurudisha mwanga, na kwa kupiga leza kwenye vioo vya namna hiyo wanasayansi wamejua kwamba mwezi unajitenga nasi karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Mwaka 1983 mambo yakageuzwa kabisa: mita yenyewe ikafafanuliwa kwa mwanga, kwamba ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa sehemu fulani ya sekunde. Tangu hapo urefu, kwa sheria ya vipimo duniani, ni mtoto wa muda.

Nilimweleza habari hizi bibi yangu wa Newala nikidhani nitamshangaza. Hakushangaa. "Basi ni kama sisi na maji," alisema.

Aliyesimama Newala ataelewa. Uwanda wa Makonde uko juu, na udongo wake wa mchanga hunywa mvua yote. Huko juu mito haitiririki. Kwa vizazi vingi maji yalikuwa chini ya magenge, na wanawake walishuka kuyafuata. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya adha hiyo ya maji kuwa mbali, na pia kwamba Newala ya zamani ilikuwa bondeni kabla watu hawajahamia juu. Miradi ya kusukuma maji kuja uwandani ilianza miaka ya 1950. Katika ujana wa bibi hakuna aliyesema chemchemi iko umbali wa kilomita kadhaa. Walisema: ukitoka jogoo la kwanza, jua la saa tatu linakukuta mlangoni. Umbali ulikuwa muda wa kwenda na kurudi.

"Ila sisi," aliongeza, "kurudi ndiko mbali zaidi."

Nilimpelekea mpima maneno hayo, akayafurahia kuliko nilivyotarajia. Mwanga, alisema, hurudi kwa mwendo uleule, lakini hurudi mchache. Unaotumwa ni mwingi, unaorejea kwenye lenzi ni chembe, na kazi yake yote ni kuzihurumia chembe hizo: azipe kitu kizuri cha kuzirudisha, asiziwekee vikwazo njiani, asitikisike zinapokuja.

Pale korongoni alianza kwa kukijaribu kifaa. Akachukua futi ya chuma, akaivuta mita 20 kati ya vijiti viwili kwenye ardhi iliyo sawa, akapiga leza toka kijiti hadi ubao mweupe uliowekwa kwenye kijiti cha pili. Mara tano. Namba zilicheza kwa sentimita chache tu na kuizunguka 20. Hapo akaridhika. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na futi wakati ana leza. Akanijibu kwamba futi haina betri, haina mipangilio ya kusahaulika, na ikiwa imechakaa unaiona kwa macho. Kifaa kilichoanguka jana hakikwambii kwamba kimeanguka.

Kisha akapiga mwembe. Kilipotoa mita 41.6 alitikisa kichwa. Alichungulia tena, akasogea kando hatua moja, akapiga: 58.2. Akapiga mara nne zaidi, zote zikakaa hapohapo. Ile ya kwanza haikuwa mwembe. Mwanga wa leza hautoki kama uzi. Hupanuka kadiri unavyokwenda, na kwenye vifaa vingine, ukifika mita 100, duara lake ni pana kama sinia. Sehemu ya sinia hilo ilikuwa imegonga vitawi vya kichaka vilivyoinama juu ya korongo, na kifaa, kwa uaminifu wake wote, kikapima vitawi. Vifaa bora vina mpangilio wa kuchagua kitu cha karibu au cha mbali. Cha kwake kinao, naye aliugeuza kuwa cha mbali. Hata hivyo hakuuamini peke yake. Alitaka ubao ukasimame kwenye shina la mwembe.

Mjukuu wa mjomba, wa miaka tisa, akauchukua ubao mbio. Dada akamrudisha kwa upole. "Wewe kaa na babu. Huko aende mkubwa." Akaenda jirani mwenyewe, na kabla hajavuka aliambiwa maneno matatu ambayo nimeyasikia akiyasema kila siku ya kazi: ubao uwe ubavuni, uso utazame kando, na asigeuke mpaka aone mkono umeshushwa.

Mwanga wa kifaa kile hauonekani; ni wa infraredi. Kwenye kibandiko chake kimeandikwa leza daraja la 1, maana yake katika matumizi ya kawaida hauna nguvu ya kudhuru jicho. Vile vyenye nukta nyekundu ni daraja la 2, visivyozidi miliwati 1, na usalama wake umejengwa juu ya jicho lenyewe: likipigwa na mwanga mkali, hufumba katika robo ya sekunde. Mtoto anayeshindana na wenzake kuikodolea macho nukta ameuvua ulinzi huo mwenyewe. Na mtu anayeuangalia mwanga huo kwa darubini amekusanya kwenye mboni yake mwanga ambao ulikuwa umetawanyika. Kwa hiyo kwa dada mpima daraja si ruhusa ya kupuuza. Anakishika kile cha daraja la 1 kama angekishika cha daraja la juu, akisema mkono ukizoea vibaya kwa kidogo utazoea vibaya kwa kikubwa. Vijana wananunua vitochi vya leza vya kijani mitaani visivyo na kibandiko chochote cha kuaminika, na hao ndio anaowahofia kwa dhati.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye mwanga wa kifaa kabisa. Lenzi ya kuchungulia ni darubini. Ukiielekeza kwenye jua ukatazama, jua ndilo linaloingia jichoni, na hakuna daraja la leza litakalokusaidia. Kwa sababu hiyo hapigi kuelekea mashariki asubuhi wala magharibi jioni ikiwa shabaha iko karibu na jua; huzunguka akapiga kutoka upande wa pili. Halengi barabarani kwenye vioo vya magari wala usoni mwa bodaboda, na ndege ikipita kuelekea uwanja wa Masasi au wa Newala hushusha mkono mpaka ipotee. Mabati mapya ya paa na vioo vya madirisha huviogopa kwa sababu mbili: vinaweza kuutupa mwanga pale asipotaka, na vinampa namba ya kitu ambacho hakukikusudia.

Jirani alipofika kwenye mwembe na ubao wake, leza ilitoa 58.2 tena, mara tano. Mjomba akatoa pumzi. Dada bado. Mwembe uko chini kuliko mkonge wa mwisho, na kifaa kilipima mteremko kama anavyopaa ndege. Ramani inataka umbali uliolala. Akasoma pembe: digrii 12 kushuka. Kifaa chake kinaweza kufanya hesabu chenyewe, lakini yeye aliifanya pia kwenye daftari, kwa kalamu, akapata 56.93. Tofauti ya mita 1 na sentimita 27. Alinieleza kwamba kwenye mita 50, mteremko wa digrii 5 unakudanganya sentimita 19, wa digrii 10 sentimita 76, na wa digrii 20 mita 3. Katika magenge ya Newala, digrii 20 ni kitu cha kawaida. Nikafikiria ni mashamba mangapi yameongezeka au kupungua upana kwa sababu mtu alivuta kamba ikifuata mgongo wa kilima.

Hapo mjomba akasema jambo. Baba yake, kabla korongo halijapanuka, alikuwa akihesabu hatua 80 toka mkonge ule hadi mwembe. Ningetegemea mpima atabasamu na kuendelea. Alimwomba mjomba atembee hatua kumi mahali palipo tambarare, kwa mwendo wa baba yake kama anavyoukumbuka. Mjomba akatembea, mikono nyuma, akiwa na uso wa mtu anayefanya jambo zito. Hatua kumi zilitoa mita 7.4. Mara nane, mita 59.2. Hailingani na 56.93, inazidi kwa zaidi ya mita mbili.

Aliandika zote mbili. Leza juu, hatua za marehemu chini yake, na maelezo kwamba hatua zilipimwa kwa mguu wa mwanawe. Kisha akawaita mjomba na jirani, akawapa kifaa kila mmoja asome kioo mwenyewe, akawaonyesha daftari, akasubiri mpaka wote wawili walipotikisa kichwa kukubali kwamba wameona.

Nafikiri utaratibu huo wa kuwasomesha wenye ardhi ndio umempa heshima kote anakopita. Watu wa Masasi na Newala si wageni wa kipimo, korosho imewafundisha. Tangu 2007 korosho zao zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, magunia yanapanda mizani ya chama cha msingi, na mkulima huitazama ile mizani kuliko anavyomtazama karani. Wanaijua pia kangomba, ununuzi wa kificho ambapo mtu aliyebanwa na shida anapimiwa korosho zake kwa bakuli, na bakuli la mnunuzi siku zote lina tumbo kubwa. Mtu aliyewahi kupimiwa kwa bakuli hilo haombi namba yenye desimali nyingi. Anaomba aione inavyopatikana.

Yeye mwenyewe ni wa kwanza kusema kwamba leza yake si ya kuweka bikoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na njia hiyo inapita kwa majirani na kamati ya kijiji kabla ya kufika kwenye karatasi. Upimaji rasmi wa viwanja una wapima waliosajiliwa na mashine zao za miguu mitatu na GPS. Kifaa chenye kosa la sentimita 30 hakina haki ya kugombanisha watu kwa sentimita 10. Kazi yake pale ilikuwa kuchora picha ya kwanza, kuvuka mahali ambapo futi haivuki, ili wajumbe wakija wakute majirani wanakubaliana wanachozungumzia. Kujua kifaa chako kinaishia wapi ni nusu ya ufundi wake, na nusu hiyo ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Si mbali na hapa, Nachingwea, ni mojawapo ya sehemu tatu ambako serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake wa karanga mwaka 1947. Maeneo makubwa yalichorwa kwenye ramani, reli ikajengwa toka pwani ya Mtwara, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ekari zilihesabiwa vizuri. Mvua na udongo havikupewa muda wa kupimwa. Reli ile ilikuja kung'olewa, na bado nikisikia mtu akiisifia namba kwa sababu tu ni kubwa, huikumbuka.

Nilimfuata tena mwezi wa Julai, safari hii kupima miti. Mikorosho ilikuwa inaanza kutoa maua na wakulima walikuwa wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Hilo lilimbadilishia ratiba. Wapulizaji wanazitaka saa zilezile za alfajiri anazozitaka yeye, maana upepo umetulia, na leza haipendi vumbi: mwanga unagonga wingu la salfa na kurudi na jibu la wingu. Aliketi kusubiri mpaka unga uliposhuka, akafuta lenzi, akaanza.

Urefu wa mti hupimwa kwa kupiga mara tatu. Kwanza shina, usawa wa jicho, kupata umbali uliolala. Pili, pembe ya chini hadi kwenye kisiki. Tatu, pembe ya juu hadi kileleni. Ukiwa mita 20 na shina, ukishusha digrii 4 na kupandisha digrii 25, mti una mita 10.7. Hesabu ni rahisi. Ugumu ni kwamba mkorosho si mnazi. Umejitandaza kama kuku aliyelalia vifaranga, na ukisimama karibu, kile unachokiona juu ni tawi la mbele, si kilele. Ukilenga tawi hilo unaupa mti urefu usio wake. Kwa hiyo hurudi nyuma, walau umbali unaolingana na urefu wa mti, hutafuta kilele halisi, husogea upande wa pili na kupima tena. Namba mbili zikitofautiana sana huanza upya bila kunung'unika.

Wakulima wanataka kujua urefu kwa sababu mashine ya kupulizia ina mwisho wake wa kufika, na mti uliopita hapo unabaki na ubwiriunga kileleni. Wanataka na nafasi. Ushauri wa watafiti wa kituo cha Naliendele ni mita 12 kwa 12, ambayo ni miti 69 kwa hekta au 28 kwa ekari, na mashamba mengi ya zamani yamesongamana kuliko hivyo mpaka matawi yamefumana. Mjomba alipoonyeshwa kwamba mikorosho yake miwili mikubwa imeachana mita 7.5, alinyamaza kwa muda mrefu. Mmojawapo itabidi ukatwe, na yote miwili aliipanda baba yake.

Kwa upande wa nyumba nina ushahidi wangu mwenyewe. Tulipokuwa tunajenga chumba cha nyuma nyumbani Newala, fundi alikuja na mita ya leza mpya, akapima chumba kwa dakika mbili, akaenda kukata mbao za kenchi. Zilipopandishwa, kila moja ilikuwa fupi kwa sentimita 12. Kifaa kile kina urefu wa sentimita 12. Kilikuwa kimewekwa kuhesabu kuanzia usoni, na yeye alikuwa amekiegemeza ukutani kwa kisogo. Hakuna kilichoharibika ndani yake. Kilijibu sawasawa swali ambalo fundi hakujua ameliuliza. Mbao ni ghali, na kijana yule alilia kweli. Dada mpima nilipomsimulia alisikiliza kwa makini, hakucheka, akanionyesha alama ndogo kwenye kona ya kioo cha kifaa chake chenye nukta nyekundu. Kila akikiwasha, kidole gumba kinaigusa alama hiyo kabla ya kitufe. Na ukutani anakikalisha kikiwa kimenyooka, kwa kuwa ukikiinamisha digrii 5 kwenye chumba cha mita 10 umeshaongeza karibu sentimita 4 zisizokuwepo. Mchana wa jua kali, nukta isipoonekana ukutani, humwomba mtu aitie kivuli kwa kofia. Hapigi nukta asiyoiona.

Nguzo za umeme alizipima nikiwa naye mara moja, katika barabara ya Newala. Waya ulikuwa umelegea juu ya njia ya magari ya korosho na watu walitaka kujua una kimo gani. Mtu alikuwa ameshaleta mwanzi mrefu. Dada aliukamata mwanzi, akaulaza chini, akausukuma kwa mguu mpaka mtaroni. Kisha akasimama mbali, akapiga nguzo, akasoma pembe, akatoa jibu bila kitu chochote kuugusa waya. Sijapata kumwona amekasirika kama siku ile.

Mara ya mwisho tulikuwa Shimo la Mungu. Ukifika pale ukingoni mwa Newala ardhi inakwisha ghafla, na chini linatanda bonde lote la Ruvuma, msitu juu ya msitu, mpaka ng'ambo ambako ni Msumbiji. Ilikuwa jioni, ukungu mwembamba ukianza kukusanyika bondeni. Nilimwomba anipe kifaa. Alinipa, lakini kwanza alinishika mkoba kwa nyuma, akaniambia nisimame, nitazame miguu yangu, ndipo nichungulie. Jicho likiwa ndani ya lenzi, miguu haina mwenyewe, na amewahi kumwona mtu mzima akitembea kufuata shabaha.

Nikalenga mbali, kule ambako mto ulikuwa unang'aa kidogo, nikabonyeza. Kioo kikaonyesha vistari vitatu. Nikabonyeza tena. Vistari.

"Hakijapata kitu," alisema. "Kingeweza kukupa namba yoyote ukaiamini. Hicho ndicho ninachokipendea."

Akakichukua, akalenga jiwe jeupe lililochomoza kwenye ukingo upande wa kushoto, akakaza viwiko ubavuni, akatoa pumzi nusu, akapiga mara tano. 23.4, 23.4, 23.5, 23.4, 23.4. Hakuwa na sababu ya kulipima jiwe lile. Aliifuta lenzi ya kulia, kisha ya kushoto, akatoa betri, akazifunga kwenye kitambaa chake, na kabla ya kugeuka alirudi kinyumenyume hatua tatu kutoka ukingoni.